Mchuuzi wa Matufaha wa Kumi na Moja

Jitbahadur Garbuja amekuwa fundi wa magari hapa Beni, mji wetu mdogo wa milimani, soko la chini, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo nimemwona akikosea jambo moja tu. Bahati mbaya, jambo lenyewe ndilo alilokuwa akilitangaza kwa sauti kubwa kuliko mengine yote.

Alikuwa akisema kwamba cheni ya taimingi haifi.

Wewe usiyejua magari, nivumilie kidogo. Mbele ya injini, nyuma ya mfuniko, kuna kitu kinachofanya sehemu za juu zizunguke sambamba na sehemu za chini, ili kila valvu ifunguke na kufunga kwa zamu yake. Magari ya zamani yalitumia mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni hukutana mahali ambapo hazikutakiwa kukutana, na injini inakuwa chuma chakavu kabla dereva hajamaliza kupiga chafya. Ndivyo ilivyompata Mwalimu Subedi, mkuu wa shule yetu, na pikapu aliyoinunua kusombea mchanga baada ya masomo. Ilimfia kwenye njia ya Galeshwor, na mwalimu akalia mbele ya wanafunzi wake. Garbuja ndiye aliyeifungua ile injini. Alikaa nayo siku tatu akiitazama kama mtu aliyefiwa na ndugu.

Basi zilipokuja pikapu za dizeli zenye cheni ya chuma badala ya mkanda, Garbuja alifungua mfuniko wa ya kwanza, akaishika ile cheni kwa vidole viwili, halafu akavuka barabara na mikono yake ya oili mpaka kwenye hoteli yangu ya chai.

"Gauchan," akaniambia, "mambo yamekwisha. Chuma kwa chuma, tena ndani ya oili. Hii itatuona sote tukifa na kuchomwa pale mtoni, mimi na wewe na wanetu, kisha itawarudisha waombolezaji nyumbani."

Tukashangilia. Hatukujua kwamba tutayasikia maneno hayo kwa miaka kumi na tano.

Aliyasema sokoni, aliyasema harusini. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, wenzake wa mji mkubwa wa Pokhara walipomwalika kuwa mgeni wa heshima na kumvisha mashada ya maua mpaka masikioni, aliyasema hayohayo kwenye kipaza sauti. Lokendra, dereva wa ambulansi, aliwahi kumuuliza siku moja, kwa adabu tu, kama haiwezekani hata cheni ikalegea ikizeeka. Alipewa mhadhara wa saa mbili. Chai yake ilipoa, nikampa nyingine, nayo ikapoa. Baada ya hapo hakuna dereva wa Beni aliyethubutu kulitaja neno "cheni" mbele ya Garbuja, labda ile ya baiskeli.

Sasa Garbuja mwenyewe alikuwa na pikapu, nyeupe, ya milango minne, iliyoleta wapagazi na watalii na magunia ya viazi kutoka juu kabla hajainunua. Ilikuwa na kilomita laki nne na elfu kumi na mbili. Mwezi wa Magh mwaka juzi, katika baridi ile inayogandisha maji kwenye ndoo, ilianza kulia.

Ilikuwa hivi: asubuhi anapiga stata, injini inawaka, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tano inatoka sauti kama ya mahindi yanayorukaruka kwenye kikaango. Kisha kimya. Hoteli yangu inatazamana na gereji yake, na kwenye benchi langu kila asubuhi hukaa madereva sita saba wakisubiri abiria. Siku ya kwanza tulipoisikia, wote tuliinamia chai kana kwamba kila mmoja ameona nzi ndani ya glasi yake.

"Nozeli," akasema Garbuja kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akabadilisha nozeli zote nne zinazonyunyizia dizeli. Kesho yake mahindi yakaruka palepale.

"Bati la kukinga egzosi limelegea," akasema. Akalikaza. Wiki iliyofuata ikawa dizeli: dizeli ya siku hizi imechanganywa, haina mafuta ndani yake. Halafu ikawa ni baridi. Halafu ikawa ni maegesho, kwamba ardhi ya mbele ya gereji imeinama. Akalihamisha gari upande wa pili, ambako ardhi imenyooka kama meza, nalo likalia vizuri zaidi kwa kuwa hapakuwa na kelele za mto.

Kufikia mwezi uliofuata, wa Falgun, tulikuwa tunahesabu mpaka ishirini.

Mkewe, Dhanmaya, hajui magari na hataki kuyajua, lakini ana masikio. Yeye ndiye aliyelisema, alipokuwa akimpakulia ugali wa ulezi, mchana kweupe, mlango wazi, nasi tukisikia yote kutoka ng'ambo ya barabara.

"Baba Suman, lile gari lina cheni?"

"Lina nini?"

"Hicho kitu unachosemaga hakifi."

"Kula chakula chako."

"Mimi nakula. Wewe ndiye huli. Wiki ya tatu hii huli. Mtu akiwa na jino bovu anakwenda kwa mwenye koleo, hakai anasema ni baridi."

Nilimwona, baada ya chakula, ameinama mbele ya injini inayonguruma, ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye mfuniko na mpini ameuweka sikioni, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa na daktari kile ambacho alikuwa anakijua.

Tatizo halikuwa kuibadilisha. Angeweza kuibadilisha, ingawa hakuwahi kufanya kazi hiyo na hakuwa na vifaa vya kufungia puli zisisogee, kwa sababu hakuna anayenunua vifaa vya kutibia kitu kisichougua. Tatizo lilikuwa mimi na benchi langu. Kazi ile ni ya siku mbili: kutoa rejeta, feni, puli ya mbele, mfuniko. Beni nzima ingepita na kuona. Tena muuza vipuri wetu ana mdomo mpana kuliko duka lake. Pokhara nako ndiko kwenye mashada ya maua na kipaza sauti. Hakuna fundi wa Pokhara asiyemjua.

Akachagua Waling. Ni mbali, unapita Kushma, unapita Pokhara, unaingia Syangja na kuendelea kusini kwa saa nyingine mbili. Hakuna mtu wa Beni mwenye shughuli Waling. Ndivyo alivyofikiri. Akatuaga kwamba anakwenda kwenye harusi ya jamaa wa mkewe.

"Harusi mwezi wa Chait?" akauliza Lokendra. Kwetu mwezi wa Chait watu hawaoi.

"Wale ni watu wa kisasa," akajibu Garbuja, akapanda garini.

Aliendesha kilomita zote zile kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa anajua, kuliko mtu yeyote katika wilaya tatu, nini kingetokea kama cheni ingeruka meno mawili tu. Kwenye mpando wa Naudanda matrekta yalimpita. Bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya mbuzi, kama Garbuja alivyoniambia baadaye, alitembea sambamba naye kwa muda, akamuuliza kama amepotea. Hakuzima injini mahali popote, hata alipokunywa chai. Aliogopa kuiwasha tena na kusikia.

Gereji aliyoelekezwa Waling ilikuwa pembeni ya barabara kuu, chini ya bati, nayo ilikuwa ya mwanamke. Huyo anaitwa Yamkala Rana, ana miaka arobaini hivi. Mumewe alikwenda Malaysia akamwachia gereji na simu. Kila gari lililoingia, Yamkala alimpigia mumewe, naye akamwelekeza hatua kwa hatua. Kufikia mwaka wa tatu, mume ndiye aliyekuwa akipiga simu kuuliza.

"Karibu, baba. Gari linaumwa nini?"

"Mimi sijui magari," akasema Garbuja. "Mimi ni mchuuzi wa matufaha. Natoka Mustang, kule juu yanakolimwa."

Yamkala akaweka spana chini. Akamtazama, akalitazama gari, kisha akageukia jikoni kwa mama mkwe wake na kupaza sauti: "Mama! Mchuuzi wa matufaha mwingine! Ongeza mchele!"

"Mwingine?" akauliza Garbuja.

"Wa kumi na moja, baba. Na mpaka leo sijaonjeshwa tufaha hata moja."

Akamwambia azime gari, akaacha injini ipoe wakati wanakula wali na dengu, kisha akaiwasha mwenyewe. Mahindi yakaruka.

"Cheni," akasema Yamkala.

"Au nozeli," akasema Garbuja, maana ulimi ulishazoea.

"Baba, tusifichane. Wewe unatoka Beni. Wote mnatoka Beni, mnamkimbia yule mzee."

"Mzee gani?"

"Kuna fundi kule kwenu, bingwa kwelikweli, anaitwa Garbuja. Ana ugonjwa mmoja tu, anaamini cheni haifi. Na nyie mnampenda, hamtaki kumuumiza. Basi cheni ikianza kulia mnaaga kwamba mnakwenda harusini, mnakuja kwangu. Sasa wewe uliaga unakwenda wapi?"

"Harusini," akasema Garbuja.

Palikuwa na tairi kuukuu karibu naye. Akalikalia.

Yamkala, huku akimwaga oili, akaendelea kumsimulia ili asichoke kusubiri. Wa kwanza alikuwa bwana mpole mwenye miwani, miaka sita iliyopita. Ndiye aliyeanzisha matufaha, na kila baada ya dakika tano alikuwa akimsahihisha jinsi anavyoongea. Mwingine alikuja na ambulansi, imeandikwa "ambulansi" mbele na nyuma, taa ya bluu juu, akasema amebeba matufaha. "Na kuna mmoja mnene, ana hoteli ya chai. Huyo alikula wali mara tatu, halafu akaisema vibaya chai yangu."

Hapa inabidi niungame. Wa kwanza ni Mwalimu Subedi, aliyekuwa amenunua pikapu nyingine, ya cheni. Wa ambulansi ni Lokendra. Mnene ni mimi, nilikuwa wa nne. Na chai yake kweli haikuwa na tangawizi.

Mnaweza kutulaumu. Lakini ningesemaje? Pikapu yangu ilianza kulia, na mtu wa kuipeleka kwake alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pangu, naye ameshaniambia mara mia nne kwamba ninachokisikia hakipo. Mwalimu aliponinong'oneza habari ya Waling, nilikwenda. Nami nikamnong'oneza mwingine. Haikupangwa. Ilikuwa tu kila mmoja hataki awe yeye wa kumwambia.

Sasa mkumbuke Garbuja amekaa juu ya tairi, mchuuzi asiyejua magari, mbele ya injini inayofunguliwa. Saa ya kwanza alijikaza. Yamkala alipotoa puli ya mbele, mchuuzi akakohoa. Alipofika kwenye mfuniko na kuanza kulegeza skrubu za upande mmoja, mchuuzi akasema kwamba yeye hajui, lakini huko Mustang wanapofungua sanduku la matufaha hulegeza misumari kwa kupishanisha, ili mbao isipinde.

"Hata sisi huku," akasema Yamkala, akapishanisha.

Mfuniko ulipotoka, wote wawili waliinama kutazama. Cheni ilining'inia kama shanga shingoni mwa bibi kizee. Kifaa kinachoikaza kilikuwa kimejitokeza mpaka mwisho wake, hakina pa kwenda zaidi. Reli ya plastiki inayoiongoza ilikuwa imeliwa mpaka chuma, na vipande vyake Yamkala alivitoa kwenye bakuli la oili kwa vidole, kimoja kimoja, kama anachagua mawe kwenye dengu.

"Kwa nini ilikuwa haijaruka?" akauliza Garbuja taratibu.

"Muulize Mungu. Umeiendesha kutoka Beni hivi?"

"Polepole."

Siku ya pili asubuhi Yamkala alikuja na cheni mpya. Akapigilia msumari kwenye nguzo, akazitundika zote mbili, ya zamani na mpya, bega kwa bega. Ya zamani ilizidi kwa upana wa kidole.

Garbuja aliisogelea. Akaishika ya zamani chini, akaivuta, akaiachia. Ikabaki ndefu vilevile.

"Imerefuka," akasema.

"Kilomita laki nne na kitu, baba. Wewe hujarefuka?"

"Mimi nimefupika."

Kazi ikaendelea. Yamkala akafunga puli za juu kwa kifaa chake, akafunga ya pampu ya dizeli, akavika cheni mpya, akihakikisha kila kiungo chenye alama kimekaa juu ya alama yake. Kichwa chake kilikuwa ndani kabisa, mkono mmoja tu ndio ulioonekana ukipapasa nje. Akasema, bila kugeuka:

"Fundi Garbuja, nipe kumi na nne."

Garbuja akampa spana namba kumi na nne.

Spana ikasikika ikizunguka, kra, kra. Halafu kichwa cha Yamkala kikatoka nje, chenye mstari wa oili kwenye paji la uso.

"Nilijua tangu jana," akasema. "Kucha zako. Matufaha hayana oili."

Garbuja aliniambia kwamba wakati ule alitamani aingie mle ndani ya injini, kisha wafunge mfuniko. Badala yake alipandwa na hasira.

"Miaka sita! Miaka sita wananificha kama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake! Na wewe hukuona vibaya? Fundi mwenzako!"

"Baba, mwanzoni mimi nilidhani umeshakufa," akasema Yamkala. "Walivyokuwa wakikusifu, nikasema huyu si mtu aliye hai."

"Wananisifu nini? Wanakuja kuniteta."

"Yule wa ambulansi, unajua aliniambia nini? Kwamba mwaka wa maporomoko, alikwama ng'ambo ya mto Rahughat na mama mjamzito ndani ya gari. Wewe ukavuka kwa miguu, pampu ya dizeli umeifunga mgongoni na kamba ya mpagazi, ukaifunga garini kwenye mvua. Mtoto akazaliwa salama. Dereva akasema, mtu wa namna hiyo nitamwambiaje habari ya cheni? Amwambie mwingine. Basi kila mmoja anasema amwambie mwingine."

Garbuja akageuka akaitazama barabara. Yalipita mabasi mawili na lori la saruji.

"Pampu yenyewe ilikuwa ya kuazima," akasema mwishowe. Kisha akapanguza mikono kwenye suruali yake nzuri ya harusini, akasogea kwenye injini. "Kabla hujarudisha mfuniko, zungusha krenki kwa mkono, duru mbili kamili. Uone kama alama zinarudi mahali pake."

"Ndivyo ninavyofanyaga."

"Najua. Zungusha wewe, mimi nitazame."

Akazungusha. Alama zikarudi mahali pake. Wakafunga pamoja, wakibishana juu ya kiasi cha gasketi ya kupaka, yeye akitaka nyembamba, Yamkala akitaka ya kutosha. Alasiri injini ikawaka. Ilikuwa kimya kama inanong'ona. Garbuja alifumba macho, akasikiliza. Yamkala aliniambia kwamba alingoja ashukuru, au alie.

"Sasa naisikia beringi ya jenereta," akasema Garbuja.

Na kweli, beringi ya jenereta ilikuwa mbovu.

Alirudi Beni. Asubuhi yake sisi tulikuwa kwenye benchi kama kawaida, tunangoja mahindi. Akapiga stata. Injini ikawaka, na hapakuwa na mahindi. Lokendra alihesabu mpaka tano kwa sauti kabla ya kujigundua. Tukatazamana. Kila mmoja wetu alijua hapo hapo kwamba mzee amebadilisha cheni, na hakuna aliyeweza kusema, kwa kuwa cheni haifi.

Akavuka barabara. Akakaa katikati ya benchi, kati ya Lokendra na Mwalimu Subedi. Nikampa chai. Akapiga funda moja, akaniangalia.

"Gauchan."

"Naam, kaka."

"Hivi wali wa Waling ukoje? Nasikia wewe ulikula sahani tatu."

Birika lilinitoka mkononi. Mwalimu Subedi akavua miwani, akaanza kuifuta kwa bidii, na Lokendra akakumbuka kwamba kuna mgonjwa mahali fulani.

"Kaa chini," Garbuja akamwambia. "Ambulansi ya matufaha haina haraka."

Ningependa kusema kwamba alicheka. Hakucheka. Aliinuka, akaacha chai yake nusu, na kwa siku tisa hakukanyaga kwangu. Alikwenda kunywa chai kwa Bhattachan, juu kule stendi, na kila alipopita mbele yangu alitazama mlima kana kwamba ameuona leo. Tulimwomba radhi mmoja mmoja. Mwalimu alimwandikia barua, kurasa mbili. Garbuja alisema imeandikwa vizuri, akaifutia kijiti cha kupimia oili. Kilichomuuma, alikuja kuniambia, hakikuwa kwamba tuliona amekosea. Kilichomuuma ni kwamba tulimwona mtu asiyeweza kuambiwa.

"Na ulikuwa unaambilika?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Lakini mngejaribu."

Siku ya kumi alirudi. Alisema chai ya Bhattachan ni maji ya kuoshea vyombo. Nikazidisha tangawizi.

Mwezi uliofuata alimwalika Yamkala. Alikuja na mama mkwe wake, wakakaa kwa Dhanmaya siku tatu. Akamfundisha Garbuja kutumia vile vifaa vya kufungia puli, mbele ya benchi zima na nusu ya soko. Ilikuwa kazi ya kutazama. Fundi mwenye miaka karibu thelathini kazini amesimama pembeni kama mwanafunzi, anaambiwa "hapana, baba, upande huu," naye anasema "najua," halafu anageuza upande ule. Dhanmaya alileta kiti nje, akakaa, akala karanga. Alikuwa hajawahi kukaa mbele ya ile gereji maishani mwake.

Sikukuu ya Bishwakarma, mafundi wa Pokhara walimwita tena, wakamvisha mashada. Nilikwenda naye. Njia nzima nilikuwa nikiwaza atasemaje. Akashika kipaza sauti, akawaambia kwamba cheni hurefuka, kwamba reli za plastiki huliwa, kwamba fundi yeyote anayesikia mahindi asubuhi na kusema ni nozeli anastahili kunyang'anywa spana. Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa pale, mwenye gereji kubwa, alininong'oneza sikioni: "Huyu bwana nampenda kwa jambo moja. Miaka yote hii hajawahi kubadilisha maneno yake."

Basi ndivyo mambo yalivyokwisha, kama yamekwisha. Kwa sababu Garbuja hajui kuamini kitu nusu. Siku hizi kila ugonjwa ni cheni. Gari likitoa moshi, cheni. Likikataa kupanda, cheni. Juzi mtu alileta pikapu yenye taa moja isiyowaka, na nilimwona Garbuja ametega sikio kwenye mfuniko wa injini, bisibisi mkononi. Dereva akithubutu kusema kwamba gari lake bado jipya, anapewa saa mbili za mhadhara, nami nampashia chai.

Mimi mwenyewe amenishika. Amesema cheni yangu, ile ya Waling, ina sauti asiyoipenda, na nimpelekee gari aifungue. Nimeisikiliza, hailii kabisa. Nilimpigia Yamkala simu, naye akasema haina tatizo, itakwenda kilomita laki mbili nyingine.

"Umwambie hivyo," akasema.

"Mwambie wewe," nikamjibu.

Garbuja ameniuliza tena leo asubuhi, nikimmiminia chai. Nikamwambia naleta kesho, kama kila mara. Hiyo kesho sasa ina miezi minne.